Mkesha wa Usiku, Usingizi wa Mchana

Ijumaa moja, saa nane usiku, nilisimama mbele ya watu wapatao mia mbili nikaongoza maombi ya kukemea roho ya umaskini. Nilikemea mpaka koo likakauka. Mfukoni nilikuwa na simu, na kwenye laini ya simu hiyo zilipaswa kuwepo shilingi 340,000 za sare za kwaya, maana mimi ndiye niliyekuwa mhazini. Zilikuwepo 235,000. Zilizopungua nilikuwa nimelipia ada ya mtoto wiki tatu kabla, kwa nia ya kuzirudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulikuja ukapita.

Fundi alipodai malipo ya vitambaa, niliitwa na viongozi wa kwaya. Nikasema neno ambalo kila Mkristo wa kwetu analijua: "Wapendwa, shetani alinipitia." Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaniwekea mikono, wakamfunga shetani, tukasema amina. Hakuna aliyeniuliza zile 105,000 zilitokaje kwenye simu, siku gani, kwa hatua zipi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeombewa, na nikiwa mhazini vilevile.

Ninalisimulia jambo hili kwa ruhusa ya ndugu nitakayemtaja mwishoni. Ninalisimulia kwa sababu huruma ile ya wazee wangu ilikuwa na fundisho zima nyuma yake, na fundisho hilo linawaumiza watu.

Fundisho lenyewe, nikiliweka kama wanaoliamini wanavyoliweka, ni hili. Mkristo yuko vitani. Adui yake ni Shetani na mawakala wake, nao hushambulia kutoka nje, hasa usiku. Kukesha ni kuamka usiku na kupigana nao kwa maombi ya nguvu, mfungo, jina la Yesu na damu yake. Aliyejaa silaha hizo dhambi haimpati. Akianguka, basi kinga ilipungua akavamiwa, na dawa ni kuongeza maombi, ikibidi chini ya mtumishi mwenye upako mkubwa kuliko wake. Wanaoshika imani hii hawakuizua. Waefeso sura ya sita inazungumza juu ya silaha na mapambano, na Luka anasema Yesu alikesha mlimani usiku kucha akiomba. Wengi wao ni watu wanyoofu, wanaolala na njaa ili wengine waombewe. Nami naamini Shetani yupo. Ninachopinga ni hesabu inayomwandikia yeye deni langu, na mkesha unaomwacha mtu amelala kuanzia saa moja asubuhi.

1. Neno "kupitiwa"

Kiswahili chetu kinatufichua kabla hata ya Biblia kufunguliwa. Nani hupitiwa? Aliyesinzia. Mtu husema "nilipitiwa na usingizi", au "nilipitiwa, nikasahau". Kwa hiyo anayesema shetani alimpitia amekiri, bila kujua, kwamba alikuwa hakeshi. Lakini hatulisikii neno hilo hivyo. Tunalisikia kama ajali ya barabarani: nilikuwa upande wangu, likaja lori.

Hebu nieleze lilivyokuja lori langu. Mwezi wa kwanza nilizoea kufungua salio usiku kabla ya kulala, bila sababu. Namba ile kubwa ilinipa raha. Sikuwa nimetenganisha laini ya kwaya na laini yangu, ingawa mwenyekiti aliniomba mara mbili. Shule ilipotuma ujumbe wa ada, sikumwambia mke wangu kwamba hatuna, niliona aibu. Nikatoa 60,000 tu, nikaiandika kwenye daftari kwa penseli. Siku nne baadaye nikatoa 45,000, na hizo sikuziandika popote. Nihesabu: raha ya kuangalia, uvivu wa kutenganisha, aibu iliyofichwa, penseli, kisha ukimya. Ni hatua tano katika siku zisizopungua ishirini, na katika kila moja ningeweza kusimama. Shetani kama alikuwepo, basi alikuwa mgeni niliyempa kiti, maji na chakula.

Yakobo anasema wazi katika sura ya kwanza ya waraka wake kwamba kila mtu hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe, na kwamba tamaa huchukua mimba ndipo izae. Mimba haiji na kuzaa siku moja. Na utetezi wa kumtaja mwingine ni wa zamani kuliko dhambi nyingine zote isipokuwa ile ya kwanza: Adamu alimtaja mwanamke, mwanamke akamtaja nyoka. Mungu aliwasikiliza wote wawili, kisha akampa kila mmoja hukumu yake.

Halafu kuna mgongano ambao hatuutazami. Jumapili tunatangaza kwamba Shetani yuko chini ya miguu yetu. Jumatatu mtu huyohuyo anasema Shetani amempitia. Aliyekanyagwa amempitiaje aliyemkanyaga?

Gharama ya neno hili nilidhani ni pesa. Ipo iliyo kubwa kuliko pesa. Nimekaa kwenye kikao cha familia ambamo mwanamume mzima, mwimbaji, alikuwa amemharibu binti wa kazi za ndani mwenye umri wa kuwa mwanawe wa tatu. Akapiga magoti, akalia, akasema shetani alimpitia. Kikao kikageuka maombi. Yakamalizwa kifamilia. Binti akapewa nauli ya kurudi kwao. Walioombewa siku ile walikuwa ni yeye mwanamume na ndoa yake. Binti hakuombewa, wala hakupelekwa polisi wala hospitali, na mimi niliyekuwepo nilisema amina pamoja na wengine. Neno linaloweza kumsafisha mtu hivyo kwa dakika kumi si neno la toba. Toba humrudia aliyeumizwa. Neno hili lilimpita binti yule mlangoni.

2. Petro alianguka akiwa macho

Tunapohubiri juu ya Gethsemane tunasimulia wanafunzi waliosinzia, kisha tunawatangazia watu mkesha wa Ijumaa. Tuendelee kusoma lakini. Petro alisinzia bustanini, kweli. Ila alipoanguka alikuwa macho. Alikuwa uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, anaota moto wa makaa pamoja na watumishi, na alibaki macho mpaka jogoo akawika. Pale uani mkesha wake ulikuwa kamili. Kilichomwangusha hakikuwa jeshi la giza. Kilikuwa swali la kijakazi, mbele ya watu wasio na madaraka yoyote, na hofu ya kuonekana ni mwenzake mtu aliyefungwa. Bustanini aliwahi hata kuchomoa upanga akamkata mtu sikio. Kwa upanga alikuwa hodari. Kwa swali la kawaida, kando ya moto, alikuwa mtupu.

Sehemu ya kosa imetokana na tafsiri. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumekulia nayo, inatumia "kukesha", na kwa Kiswahili kukesha ni kutolala usiku kucha. Neno la Kigiriki lililo nyuma yake, ambalo ndilo lililozaa jina Gregori, linamaanisha kuwa macho, kuwa mwangalifu, saa yoyote. Paulo anapowaandikia Wathesalonike katika sura ya tano ya waraka wa kwanza, anaufunga uangalifu huo na mchana: walalao hulala usiku, walevi hulewa usiku, bali sisi ni watu wa mchana, kwa hiyo tuwe macho na tuwe na kiasi. Waraka wa kwanza wa Petro nao unaziweka pamoja kiasi na kukesha. Kiasi ni cha sahani, cha kinywa, cha bei, cha simu. Mkesha usio na kiasi mitume hawaujui.

Ndiyo maana nauliza kwa uchungu: saa sita za Ijumaa usiku zinamlindaje mfanyabiashara anayefungua duka saa moja asubuhi na kuweka kidole kwenye mizani? Zinamlindaje muuguzi anayeombwa "ya soda" na mwenzake ili faili lipite? Zinamlindaje kijana ambaye ujumbe wa kubashiri mechi unamfikia akiwa kwenye daladala, na mkopo wa papo kwa papo uko kwenye simu ileile, vidole viwili mbali? Jaribu la leo halingoji giza. Linaingia saa nne asubuhi na kutikisika mfukoni.

3. Adui aliye ukooni

Mkesha unaotazama nje lazima umpate mtu nje. Nimeongoza maombi hayo, najua yanavyokwenda. Mhubiri anasema kuna mtu katika ukoo wako, wa karibu, mwanamke, anaangalia maendeleo yako kwa jicho baya. Kila mmoja aliyefumba macho anamwona mtu: shangazi, bibi, mama mkwe. Maneno hayo hayatofautiani na ya mganga aliyeko ng'ambo ya mto, isipokuwa mganga hudai kuku.

Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa mapanga miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kuwa macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Sisemi mikesha yetu ndiyo iliyoshika panga. Nasema tunawafundisha watu kila Ijumaa kuitafuta sababu ya shida zao usoni mwa mwanamke wa jirani, kisha Jumapili tunawaambia wampende jirani. Na wakati mtu anaulinda mlango wake dhidi ya shangazi, kijicho chake mwenyewe, chuki yake, uvivu wake vinaingia na kutoka bila kuulizwa.

4. "Aliyeokoka kweli hajaribiwi"

Hili halisemwi hivi hadharani, lakini ndilo linalotufanya tufiche. Mzee wa kanisa hawezi kusema anajaribiwa na pombe. Mke wa mchungaji hawezi kusema amechoka kuomba. Kukiri jaribu kumekuwa sawa na kukiri kwamba hukuokoka vizuri. Na hali Yesu alijaribiwa siku arobaini mara tu baada ya kubatizwa, maji ya Yordani yakiwa hayajamkauka vizuri.

Waliolijua jambo hili kuliko sisi walikuwa hapahapa barani, Misri. Mmoja wao ni Evagrio wa Ponto. Alikuwa shemasi Konstantinopoli, msomi anayesifiwa, na huko akampenda mke wa mtu. Alikimbia, akapitia Yerusalemu, na mnamo mwaka 383 akafika kwenye jangwa la Misri, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 399. Mtu huyo, aliyejua alikotoka, aliandika orodha ya mawazo manane yanayomshambulia mwanadamu: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, uchovu wa roho, kupenda sifa, na kiburi. Mlolongo wake una maana. Kupenda sifa na kiburi vimewekwa mwisho, maana hivyo humjia aliyekwisha kuyashinda mengine. Kadiri mtu anavyoshinda, ndivyo jaribu linavyohamia kwenye ushindi wenyewe.

Uchovu wa roho aliueleza kwa usahihi unaonitisha. Unamjia mtawa, alisema, kuanzia saa nne mpaka saa nane, na saa hizo alizihesabu kama tunavyozihesabu sisi, tangu jua kuchomoza. Jua linaonekana halisogei. Mtawa anachungulia dirishani, anatoka kibandani, anaangalia kama kuna ndugu anayekuja, anaichukia kazi ya mikono yake, anakumbuka nyumbani. Nilipousoma ufafanuzi huo mara ya kwanza niliweka simu chini. Nilikuwa nimeichungulia mara nne katika ukurasa mmoja, nikimtafuta ndugu anayekuja.

Ushauri wake haukuwa kukemea. Alimwambia mtu awe bawabu wa moyo wake, na kila wazo linalobisha hodi aliulize: wewe ni wa kwetu au ni wa adui? Kuuliza. Bawabu anayepiga kelele usiku kucha bila kumtazama anayeingia hajalinda kitu.

5. Mlinzi wa kukodi

Kwa kuwa kazi ya bawabu inachosha, tumetafuta wa kuifanya kwa niaba yetu. Stika kwenye kioo cha gari, kitambaa chini ya mto, maji ya baraka, mafuta, na juu ya yote mtumishi anayetukeshea. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada uwanjani, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu waliotaka kulindwa, wala siwalaumu. Nawalaumu tuliowafundisha kwamba ulinzi upo ardhini mbele yao, na kwamba anayechelewa ataukosa.

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, Kenya, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya waumini na watoto wao, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa. Mahakama ina kazi yake juu ya wanaoshtakiwa. Mimi natazama kile kilichotangulia njaa: watu waliozoezwa kwa miaka kutolihoji neno linalotoka kwa mtumishi. Kuhoji kuliitwa uasi. Lakini kuhoji kile kinachoingia ndiko kukesha kwenyewe! Aliyemkabidhi mwingine swali la bawabu hana tena cha kumkinga siku neno litakapokuwa la mauti.

Na mlinzi mwenyewe nani anamlinda? Ravi Zacharias, mhubiri mzaliwa wa India aliyesikika dunia nzima, alifariki Mei 2020 akazikwa kwa sifa. Februari 2021 huduma yake yenyewe ilichapisha ripoti ya uchunguzi iliyothibitisha kwamba aliwadhulumu wanawake kingono kwa miaka. Waliojaribu kuuliza mapema walionekana wanapinga kazi ya Mungu. Ukubwa wa huduma ndio uliokuwa ukuta wa maficho.

6. Dhambi tunazozitambua

Hapa nitasema kidogo kwa sababu kila msharika anajua. Binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa, Meza ya Bwana anaikosa, na siku ya kurudi kundini anasimamishwa mbele ya watu wote. Mheshimiwa akileta milioni tano kwenye harambee ya paa anasimamishwa mbele pia, apigiwe makofi, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi. Umbea ukianza na "tumwombee fulani" umekuwa hitaji la maombi. Tumelinda mlango mmoja, ule unaoonekana tumboni mwa mwanamke.

7. "Ni siri yangu na Mungu wangu"

Hili ndilo la mwisho wanalolisema, na ndilo gumu zaidi kwangu, kwa kuwa linasikika kama unyenyekevu. Mungu pekee ndiye ajuaye moyo, kwa hiyo asiniulize mtu.

Uamsho uliotupa sisi Wakristo wa Afrika Mashariki nusu ya lugha yetu ya wokovu haukuijua siri hiyo. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe jijini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, alikutana na Joe Church, daktari wa kimisionari wa Gahini, Rwanda, wakaomba pamoja wote wawili wakiwa wamechoka rohoni. Kutoka Gahini, katika miaka ya 1930, moto ukaenea Uganda, Kenya, mpaka Bukoba, ambako Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho huo. Alama yao ilikuwa kutembea nuruni. Maana yake ilikuwa ya kawaida kabisa: kumwambia mwenzako ulichofanya, kurudisha ulichoiba, kumwendea uliyemchukia. Karne mbili kabla yao, mwaka 1738, John Wesley aliwawekea wafuasi wake vikundi vidogo vilivyokutana kila wiki, na baada ya swali la dhambi, swali la pili lilikuwa umekutana na majaribu gani. Waliulizana mimba ingali changa, kabla haijazaa.

Najua ushirika wa namna hiyo huweza kuharibika. Kwa ndugu wengine ungamo liligeuka umbea na nuru ikageuka upelelezi wa mavazi. Bado nasema hatari hiyo ni ndogo kuliko ukimya wetu. Tuna kwaya, kamati, umoja wa vijana, umoja wa akina mama, na vikundi vya mawasiliano kwenye simu vyenye watu mia tatu, na hatuna mtu mmoja mwenye ruhusa ya kutuuliza swali la pili.

Mimi nilimpata kwa kuchelewa. Ni mwimbaji wa sauti ya nne, fundi wa kuchomelea, mtu wa maneno machache. Wiki moja baada ya kuwekewa mikono alinifuata nyumbani akaniuliza zile pesa zilitokaje, siku kwa siku, na hakukubali jina la Shetani litajwe mpaka nimalize. Tulizirudisha kwa miezi mitatu. Fedha za kwaya zikahamia benki, watia saini watatu, mimi nisiwemo. Tangu hapo huja kila Jumamosi jioni. Zamani aliniuliza salio. Sasa huuliza ni kitu gani ninakipenda siku hizi.

Jumamosi mojawapo nilimwambia ukweli. Nilikuwa nimeanza kuupenda ushuhuda wangu wa zile 105,000. Nilikuwa nimeutoa kwenye makanisa manne, watu walisifu uwazi wangu, na mara ya mwisho nilijikuta naangalia ni nani anayelia. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza nitautoa tena wapi. Nikamwambia nimealikwa mahali, Jumapili inayofuata. Akaniambia niwapigie simu niwaambie siendi, akabaki ameketi palepale mpaka nikapiga.